Kalavati la Miinukoni na Cheti Kilichokosekana

Mwaka 2016 kampuni yetu ilikosa zabuni ya matengenezo ya barabara ya changarawe yenye urefu wa kilomita 11, ingawa bei tuliyoiweka ilikuwa chini ya bei ya mshindi kwa shilingi milioni 9. Barua iliyotufikia ofisini kwetu Ngamiani, hapa Tanga mjini, ilikuwa na mistari michache, na sababu iliyotajwa ilikuwa moja: mzabuni hakuthibitisha uzoefu wa kazi zinazofanana na kazi iliyotangazwa. Kaka yangu, ambaye ndiye msimamizi wa saiti zetu zote, aliisoma akiwa amesimama, akairudia, kisha akaniuliza kama watu hao waliwahi kuyaona makalavati, yaani njia za maji zinazopita chini ya barabara, tuliyoyajenga miinukoni miaka miwili kabla, ambayo yalikwishavuka misimu miwili ya masika bila kutikisika. Sikuwa na jibu, kwa sababu kabrasha la zabuni niliandaa mimi, na makalavati hayo nilikuwa nimeyaandika kwa maneno manne tu: "Ujenzi wa makalavati, halmashauri."

Kampuni tuliianzisha mwaka 2012, tukasajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi katika daraja la saba, ambalo ndilo la chini kabisa kwa kazi za aina yetu. Tangu siku ya kwanza tuligawana majukumu: yeye zege, mimi karatasi. Kwa miaka minne niliamini kwamba karatasi ni taratibu za kiofisi tu, na kwamba kampuni iliyojenga vizuri itajulikana kwa ilichojenga. Imani hiyo ilitugharimu zabuni tatu kabla sijaiacha, na hiyo ya kilomita 11 ndiyo iliyoniuma kuliko zote, kwa kuwa kazi yenyewe tulikuwa tunaiweza.

Mzabuni aliyekosa ana haki ya kuomba kuelezwa sababu, nami niliandika barua nikaomba. Afisa ununuzi aliyenipokea alikuwa mtu mpole, akatoa nakala ya jedwali letu la uzoefu na kulipitia pamoja nami mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeorodhesha kazi 14, nikiamini kwamba wingi utawaridhisha. Tisa kati ya hizo zilikuwa za majengo: madarasa, vyoo vya shule, ukuta wa zahanati. Tatu tulizifanya chini ya mkandarasi mwingine, na hapakuwa na barua yake hata moja inayoeleza ni sehemu gani tuliyoifanya na kwa thamani gani. Zilibaki mbili za barabara. Moja haikuwa na thamani ya mkataba, na ya pili, yaani makalavati ya miinukoni, haikuwa na cheti cha kukamilika. Nyaraka za zabuni zilidai mikataba miwili ya aina na ukubwa unaofanana, iliyokamilika ndani ya miaka mitano, kila mmoja usiopungua shilingi milioni 120. Kwa hesabu ya kamati, tulikuwa na sifuri.

"Dada yangu," aliniambia yule afisa huku akifunga faili, "mimi mwenyewe gari langu limepita juu ya hayo makalavati. Lakini nikikaa kwenye kamati ya tathmini nasoma kilichomo humu, sisomi barabara."

Kauli hiyo niliiona ya ukatili siku ile, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ndiyo inayomlinda mzabuni mdogo. Kamati ya tathmini inafungwa na vigezo vilivyoandikwa kwenye nyaraka za zabuni, na haipaswi kumpima mtu kwa sifa ambazo wajumbe wanazijua kwa masikio au kwa macho yao nje ya kabrasha. Kama ingeruhusiwa kufanya hivyo, kampuni zinazofahamika na wakubwa zingeshinda kila mara kwa kufahamika tu. Kilichonipasa ni kuifikisha kazi ya kaka yangu mbele ya watu wasioweza kupanda kwenda kuiona, kwa namna ambayo hata asiyetufahamu kabisa angelazimika kukiri kwamba imefanyika.

Hata hivyo sikukitafuta cheti cha makalavati mara moja, nikidhani kitapatikana siku nitakapokihitaji. Siku hiyo ilifika Julai 2018, ilipotangazwa kazi nyingine ya aina ileile, na ndipo nilipogundua mambo yalivyobadilika. Mhandisi aliyetusimamia mwaka 2014 alikuwa amehamishiwa Kanda ya Ziwa. Halmashauri iliyotupa mkataba ilikuwa na faili lenye mkataba wenyewe na sitifiketi za malipo, lakini cheti cha kukamilika hakikuwemo. Zaidi ya hayo, tangu Julai 2017 barabara za vijijini na mijini zilizokuwa chini ya halmashauri zilikuwa zimehamishiwa Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, kwa hiyo aliyekuwa na mkataba hakuwa tena na barabara, na aliyekuwa na barabara hakuwa ameuona mkataba. Nilikwenda kwa mhandisi mpya wa TARURA nikiwa na barua niliyoiandaa tayari kwa ajili ya sahihi yake. Aliisoma yote, akanirudishia kwa adabu, akasema hawezi kuweka sahihi na mhuri kwenye kazi ambayo hakuishuhudia.

Nilimheshimu kwa jibu hilo, ingawa machozi yalikuwa karibu. Nikamwomba twende akaishuhudie.

Tulipanda Jumamosi asubuhi, yeye, mimi na kaka, katika njia ile inayopita kwenye mashamba ya iliki na mdalasini, na ukungu ulikuwa bado haujainuka. Kalavati kubwa kuliko yote liko bondeni, mistari miwili ya mabomba ya zege yenye kipenyo cha milimita 900, na kuta za mawe pande zote mbili. Mhandisi alivua viatu, akakunja suruali, akateremka majini na futi ya utepe. Alipima kipenyo, akapima urefu wa bomba kutoka ukuta hadi ukuta, akainama na kuingiza mkono kwenye kiungo cha bomba la tatu na la nne kuona kama saruji imemeguka. Kaka yangu alishika mwisho mwingine wa utepe, naye alikuwa kimya kabisa, kwa namna ambayo sijawahi kumwona akiwa saiti. Mhandisi alipotoka alikwangua ukoga wa kijani kwenye ukuta kwa ufunguo wa gari ili atazame kama kuna ufa chini yake. Hakukuta ufa. Aliandika kila kitu kwenye daftari dogo, na tukafanya vivyo hivyo kwenye makalavati mengine matano.

Mzee mmoja aliyekuwa akitazama kutoka ukingoni alitusalimu, na baada ya kumwamkia alitueleza kwamba kabla ya kazi hiyo malori ya ndizi yalikuwa yakilala ng'ambo siku mbili hadi tatu kila masika, na mzigo ukiiva njiani. Nilimwomba mtendaji wa kijiji aliandike jambo hilo kwa barua yenye mhuri, na akaandika.

Barua niliyopewa wiki iliyofuata ina nguvu kuliko cheti chochote ambacho ningepata mwaka 2014. Inataja mahali, idadi ya makalavati na vipimo vyake, na inasema kwamba siku ya ukaguzi, karibu miaka minne baada ya kazi kukamilika, hapakuwa na ufa, kutitia wala mmomonyoko kwenye njia ya maji. Halmashauri nayo iliandika barua fupi kuthibitisha namba ya mkataba, thamani yake ya shilingi milioni 132, tarehe ya kuanza na kumaliza, na kwamba malipo ya mwisho pamoja na fedha za zuio, zile ambazo mteja hubaki nazo kama dhamana, yalilipwa yote baada ya kipindi cha matazamio, ambacho mkandarasi huwajibika kurekebisha kasoro. Barua mbili kutoka kwa watu wawili, kila mmoja akishuhudia anachokijua. Tulizitumia kwenye zabuni ile na kwenye nyingine tatu zilizofuata.

Tangu hapo niliacha kupeleka orodha. Nyaraka zikidai mikataba miwili napeleka mitatu, nisizidi minne, na kila mmoja naupa nusu ukurasa ulioandikwa kwa ajili ya zabuni hiyo na si nyingine. Naanza na kigezo chenyewe kama kilivyoandikwa, kisha nasema ni kwa vipi kazi yetu inakigusa. Makalavati yaleyale ya miinukoni niliyaeleza kwa njia moja tulipoomba kazi ya mtaro wa maji ya mvua mjini, nikaweka mbele jinsi tulivyoyachepusha maji ya kijito kwa magunia ya mchanga ili zege limwagwe pakavu. Na tulipoomba kazi ya barabara ya changarawe nikaweka mbele tabaka za kifusi, ushindiliaji na vipimo vya maabara vya kila tabaka. Hakuna neno la uongo katika maelezo yote mawili. Msomaji wa kwanza anataka kujua kama tunaweza kufanya kazi ndani ya maji, na wa pili anataka kujua kama barabara itabaki imara. Baada ya maelezo hufuata viambatisho kwa mpangilio uleule: mkataba, cheti au barua, picha tatu zenye tarehe, na cheo na jina la mhusika katika ofisi ambayo kamati inaweza kuiuliza. Naandika cheo kwanza, kwa sababu watu huhama na cheo hubaki.

Jambo lililonisumbua zaidi kulieleza nyumbani ni tofauti ya uzoefu wa mtu na uzoefu wa kampuni. Kaka yangu alifanya kazi miaka tisa kwa wakandarasi wakubwa kabla ya kampuni yetu kuwepo, na alitaka madaraja aliyoyasimamia wakati huo yaingie kwenye jedwali letu. Hayaingii. Yana mahali pake, kwenye wasifu wake kama mtaalamu muhimu wa mradi, na pale yana uzito mkubwa. Lakini yakiandikwa kama kazi za kampuni yanakuwa taarifa ya uongo, hata kama aliyeandika hakukusudia kudanganya. Kwenye ubia ni hivyohivyo: anayeshiriki kwa asilimia 30 aandike asilimia 30 na thamani ya sehemu yake.

Nimekutana pia na watu wanaotaka kuazima uzoefu. Mwaka 2019 mtu mmoja alikuja ofisini akiwa na vyeti vya kampuni iliyokwishafungwa, akasema kwa kiasi fulani cha fedha jina linaweza kubadilishwa na mtu asigundue. Nilimtoa nje na bado nina hasira naye. Mzabuni anayetoa nyaraka za kughushi anaweza kufungiwa kushiriki zabuni za umma, na hilo peke yake linatosha kuzuia mtu mwenye akili. Lakini kwangu mimi uzito uko kwingine: mtaro au daraja hujengwa na yule aliyeshinda, si na yule ambaye cheti chake kiliazimwa, na wanaovuka juu yake ni watoto wa shule.

Kazi iliyotufundisha zaidi, baada ya kalavati, ni ile tuliyochelewa. Mwaka 2020 tulijenga mtaro wa maji ya mvua wenye urefu wa mita 860 hapa mjini, kwa muda wa siku 120, tukamaliza siku 47 baada ya tarehe ya mkataba. Siku 35 kati ya hizo tuliongezewa kwa maandishi, kwa sababu bomba kuu la maji lilikutwa chini ya ardhi mahali ambapo michoro haikulionyesha, na ikabidi mtaro upindishwe. Siku 12 zilizobaki zilikuwa zetu: mashine ya kuchanganyia zege iliharibika na hatukuwa na ya akiba, tukakatwa fidia ya ucheleweshaji. Mwaka uliofuata nyaraka za zabuni fulani zilitaka mzabuni aeleze mikataba yake yote ya miaka mitatu iliyopita, ikiwemo iliyochelewa. Kaka alishauri tuuache mtaro nje, akisema kwamba anayejichimbia kaburi asimlaumu mwenye jembe. Tulibishana hadi usiku.

Niliuandika. Niliambatanisha barua ya kuongezewa muda, hesabu ya fidia tuliyokatwa, na aya moja inayosema bila kuzunguka kwamba siku 12 zilikuwa kosa letu na kwamba tangu wakati huo tuna mkataba wa kukodi mashine ya akiba kwa kila kazi ya zege. Kamati ilituandikia kuomba ufafanuzi juu ya jambo moja tu, nakala ya mkataba huo wa kukodi, nasi tukaituma siku ileile. Zabuni tuliipata. Siwezi kudai kwamba tuliipata kwa sababu ya ukweli ule, kwani bei nayo ilikuwa nzuri, lakini najua kwamba kazi hiyo ingeonekana kwenye kumbukumbu za mteja, na ingeonekana bila maelezo yetu.

Katika mafunzo niliyohudhuria Dar es Salaam, mkufunzi mmoja alitueleza jinsi serikali ya shirikisho ya Marekani inavyolichukulia suala hili, na kitu kimoja kikaniingia moyoni. Kule wanatenganisha uzoefu, yaani kama umewahi kufanya kazi ya aina hiyo, na utendaji uliopita, yaani uliifanya vizuri kiasi gani. Ofisi iliyotoa mkataba humwandikia mkandarasi tathmini, ambayo huhifadhiwa kwenye mfumo mmoja unaoitwa CPARS ili ofisi nyingine ziisome, na mkandarasi hupewa siku 14 za kutoa maoni yake juu ya alichoandikiwa. Kampuni isiyo na kumbukumbu yoyote ya utendaji haipewi alama nzuri wala mbaya kwa sababu hiyo. Hapa kwetu, zabuni ikidai mikataba miwili na wewe huna, unatoka kwenye mashindano. Ndiyo maana nawahimiza vijana wanaoanza wasidharau kazi ndogo wala ile asilimia 30 ya ununuzi inayotengwa kwa ajili ya makundi maalumu, ya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu, kwa kuwa hapo ndipo cheti cha kwanza kinapoweza kupatikana. Lakini zile siku 14 nilizichukua na kuzifanya zetu. Kabla hazijapita tangu makabidhiano ya awali, mteja anapokea barua yangu ya kuomba tathmini ya maandishi juu ya ubora, muda na usalama, wakati mhandisi bado anaukumbuka mradi na mimi bado nawajua watu wake.

Mfumo wa NeST, wa kielektroniki wa ununuzi wa umma, ulipoanza kutumika mwaka 2023 na kuchukua nafasi ya ule wa awali, TANePS, watu wengi niliozungumza nao waliogopa kompyuta. Mimi niliogopa tarehe. Katika makabrasha ya zamani tarehe isiyo sahihi ilijificha katikati ya maneno, lakini kwenye mfumo kila kitu kina kisanduku chake. Nilipokuwa nikijaza kazi moja ya barabara niliweka tarehe 3 Machi kuwa siku ya kuanza, kwa kuwa ndiyo siku tuliyosaini mkataba, ilhali saiti tulikabidhiwa tarehe 19 Machi na muda wa mkataba ulihesabiwa kuanzia hapo. Kwa taarifa niliyojaza mimi mwenyewe, kazi tuliyoimaliza ndani ya muda ilionekana kuchelewa kwa siku 16. Niliigundua nikilinganisha kisanduku na cheti, saa chache kabla ya kuwasilisha. Tangu siku hiyo kila faili letu lina karatasi ya mbele yenye tarehe tano: ya kusaini, ya kukabidhiwa saiti, ya kumalizika kwa mujibu wa mkataba, ya kumalizika baada ya nyongeza, na ya makabidhiano.

Sasa hivi tuna kazi upande wa Pangani. Kaka yangu, ambaye zamani hakutaka kusikia habari za karatasi, kila Ijumaa jioni hunitumia picha za kabla na baada ya kumwaga zege, utepe ukionekana ndani ya picha, pamoja na ukurasa wa kitabu cha saiti uliosainiwa na msimamizi wa mteja. Wiki iliyopita alinipigia simu kuniambia kwamba mhandisi wa mradi amesikia habari za uhamisho, na makabidhiano bado wiki tatu. Nilichapa barua asubuhi iliyofuata, nikaweka kidau cha mhuri kwenye mkoba, nikapanda basi. Mhandisi alikagua sehemu iliyokamilika, akapima mwenyewe sehemu mbili alizozichagua, akaongeza sentensi moja kwa kalamu kuhusu hali ya viungo, kisha akaweka sahihi juu ya boneti ya gari, wakati kaka ameishika karatasi kwa mikono miwili isichukuliwe na upepo wa bahari.